Shati halina mama: Tuziokoe picha za Webuye

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeizoea madarasani, na aghalabu tunapoifafanua huwa tunafikiria pesa, ng'ombe na mashamba. Leo naomba niielekeze kwenye mali ya aina nyingine, yaani nyuso zetu. Daftari la nyuso za watu wa Webuye wa karne iliyopita limo ndani ya mikebe ya biskuti na maboksi ya viatu, chini ya vitanda vya wapigapicha wazee na wajane wao. Daftari hilo ni negativu, zile kanda za filamu ambazo mtu mweusi huonekana mweupe na shati jeupe huonekana jeusi. Zinaoza. Nasema zinaoza kwa maana halisi ya neno hilo, kama nitakavyoeleza, na nadai kwamba wanaoweza kuziokoa kabla ya mtu mwingine yeyote ni walimu na wanafunzi.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Webuye, na mlezi wa chama cha upigaji picha. Chama chenyewe kilikuwa na wanachama kumi na mmoja na kamera moja tu, Zenit-E, mtambo wa Kisovieti mzito kama tofali, wenye lenzi ya Helios ya milimita 58. Haikutumia betri. Juu ya lenzi palikuwa na kipimamwanga kilichoendeshwa na nuru yenyewe: jua lilipokipiga, sindano ilitikisika, nasi tukazungusha pete hadi tukapata kipimo cha tundu la lenzi na mwendo wa shata. Nilijiona fundi.

Wanafunzi wa Kidato cha Nne walipokaribia kufanya mtihani, niliwapanga mbele ya ukuta wa bwalo uliopakwa chokaa, saa sita mchana, mashati yao meupe yamepigwa pasi yakaiva. Sindano ilipanda juu sana. Nami nikaitii, nikaliziba tundu la lenzi kama ilivyoniamuru. Picha ziliporudi kutoka kwa wachapishaji, mashati yalimeta kama theluji ya Mlima Kenya, na juu ya kila shati palikaa doa jeusi lisilokuwa na macho. Wavulana walicheka. Mimi niliilaumu filamu, mambo yakaishia hapo.

Mwaka uliofuata mmoja wao alifariki katika ajali ya barabarani. Mamake alikuja shuleni kuomba picha ya kutangulizwa mbele ya jeneza, kwa maana nyumbani hawakuwa nayo hata moja. Nilimpa ile ya bwaloni. Aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu sana, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema, "shati nimelitambua. Nililishona mimi."

Siku hiyo hiyo alasiri nilikwenda mjini kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ndogo karibu na stesheni ya gari-moshi. Nilimpa ile negativu yangu, nikamweleza. Aliinua filamu hiyo kwenye nuru ya dirisha, akatikisa kichwa.

"Ulipima shati, Mwalimu," akaniambia. "Shati halina mama."

Kisha alivuta mkebe wa biskuti ulioandikwa 1990 ubavuni. Ndani yake mlikuwa na bahasha zilizopangwa kwa miezi, na katika bahasha moja mlikuwa na yule kijana, aliyekuwa amepigwa picha ya pasipoti alipotafuta kitambulisho. Mzee alijifungia katika chumba cha giza, na jua lilipotua alitoka na picha kubwa, bado imelowa maji. Uso ulikuwepo. Macho yalikuwepo. Hata kovu dogo juu ya nyusi lilikuwepo. Ndiyo picha iliyotangulia mbele ya jeneza.

Tangu siku hiyo nilijifanya mwanagenzi wa mzee yule, na yale aliyonifunza nayaweka hapa kwa sababu ni elimu ambayo mwalimu yeyote wa fizikia au sanaa anaweza kuitumia kesho asubuhi.

Jambo la kwanza: kipimamwanga ni mtumishi mtiifu lakini mjinga. Hudhani kwamba kila kitu ulimwenguni ni cha rangi ya kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye ukuta wa chokaa na mashati meupe, hudai nuru ipunguzwe mpaka weupe huo uwe kijivu, na uso mweusi ulio kati yake huzama gizani. Dawa yake ni kukisogeza karibu na uso, au kuongeza nuru nafasi moja au mbili kuliko kinavyotaka, shati liharibike likitaka.

Jambo la pili: sisi wa Webuye tunakaa chini ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua letu husimama utosini au karibu nao mwaka mzima. Nuru ikishuka wima namna hiyo, kipaji hung'aa na macho hugeuka mashimo. Ndiyo maana mzee yule hakumpiga mtu picha juani wakati huo hata kwa malipo maradufu. Alimweka barazani, ndani ya kivuli lakini akitazama uwazi, akatandaza shuka jeupe upande mmoja ili limrudishie nuru. Umeme ulipokuwepo aliwasha taa ndani, akaiweka juu kidogo ya macho na upande wa ubavuni. Alisema kwamba uso mweusi hupendezeshwa na mng'ao wake wenyewe: taa ikitoka ubavuni huonyesha mfupa wa shavu na ukingo wa pua, lakini ikitoka mbele moja kwa moja huusawazisha uso kama sahani.

Jambo la tatu ni umbali. Taa ikisogezwa kutoka mita moja hadi mita mbili, uso haupati nusu ya nuru bali robo, kwa kuwa nuru hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mzee hakuijua kanuni hiyo kwa jina, lakini alikuwa amechora chaki sakafuni, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa na kipimo chake. Vilevile hakumsogelea mtu sana kwa lenzi pana, kwa sababu pua iliyo karibu na lenzi kuliko masikio huvimba pichani. Wanafunzi wanaojipiga picha kwa simu iliyoshikwa kwa mkono mmoja wanalijua tatizo hilo, ingawa labda hawajui kisa chake. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya 50 humtosha mpigapicha kwa kazi nyingi, na ya 85 hadi 105 ndiyo ipendezayo zaidi kwa uso.

Huenda msomaji akauliza: kwani mafundi wa vijijini walikuwa na haja gani ya kujisumbua kiasi hicho, ilhali filamu zilitengenezwa na makampuni makubwa yenye wanasayansi wake? Jibu ni kwamba wanasayansi hao hawakutufikiria sisi. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak iliwapelekea wachapishaji wa picha za rangi kadi ya kusawazishia rangi, na katika kadi hiyo aliyepigwa picha alikuwa mwanamke mweupe. Uso wake ukionekana sawa, mitambo ilihesabiwa kuwa imetengenezeka. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa wale ambao malalamiko yao yaliisukuma Kodak kuboresha filamu kwa rangi za giza walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Mwaka 1970, wafanyakazi weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, wakiongozwa na Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kupinga matumizi ya kamera za kampuni hiyo katika kutengeneza pasi ambazo serikali ya makaburu iliwalazimisha Waafrika wa Afrika Kusini wazibebe. Polaroid ilijiondoa nchini humo mwaka 1977. Wala tusidhani kwamba mambo hayo yamezikwa: ni mwaka 2021 tu ambapo Google ilitangaza kwa fahari kwamba simu yake mpya imeboreshwa ili iwapige watu wenye ngozi nyeusi picha zinazowafanana.

Basi pale ambapo kiwanda hakikutujali, fundi wa studio mtaani alitujali. Alirekebisha kwa shuka, chaki na kiganja cha mkono kasoro ambayo matajiri walichelewa kuiona. Huo ni utaalamu, na kila negativu aliyoiacha ni ushahidi wake.

Wenzetu wa pwani wamekwisha kupata heshima kwa kazi ya namna hii. Picha za N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa, na za Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, zimechunguzwa na wataalamu na kuonyeshwa nje ya nchi. Studio ya Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ilijulikana na wasafiri wengi kwa picha zake za zamani za kisiwa hicho. Kule Mali, picha ambazo Seydou Keïta aliwapiga watu wa Bamako zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Keïta naye alitumia ua wa nyumba, nuru ya mchana na kitambaa cha kutundika nyuma.

Sasa tujiulize: Webuye ina nini cha kuhifadhi? Ina mengi. Mji huu, ambao wakoloni waliuita Broderick Falls, ulikuzwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichoanza kazi katika miaka ya sabini. Watu walikuja kutoka pembe zote za Kenya kutafuta ajira. Moshi ulikula mabati ya nyumba zetu, na harufu yake tuliizoea hata mgeni alipoziba pua sisi tulimshangaa. Mfanyakazi alipopokea mshahara wa kwanza, alikwenda studio na kofia yake ya kazi. Maharusi walikwenda. Vijana waliotahiriwa Agosti ya mwaka wa shufwa, kama ilivyo desturi ya Wabukusu, walikwenda na nguo mpya baada ya kupona. Kisha mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Familia zikafungasha virago, na studio nazo zikafifia. Kiwanda kilipouzwa kwa wenye mali wapya mwaka 2016, wengi wa wale waliokuwa wametembea katika malango yake walikuwa wamekwisha kutawanyika. Orodha ya mishahara haina nyuso. Magazeti yalimpiga picha waziri aliyezuru. Aliyempiga picha mpakiaji wa magogo siku alipozaliwa mwanawe wa kwanza ni yule fundi wa karibu na stesheni.

Fundi huyo hayupo tena duniani. Mwaka jana nilikwenda kuwajulia hali jamaa zake. Mahali palipokuwa na studio sasa panauzwa vifuniko vya simu. Mikebe niliikuta jikoni, juu ya dari ya fito, moshi ukiipitia. Mvua ilikuwa imeingia katika minne. Nilipofungua mmojawapo, harufu ya siki ilinipiga usoni. Harufu hiyo ndiyo dalili ya kuoza niliyoitaja: filamu nyingi za karne iliyopita zimetengenezwa kwa asetati, na joto na unyevu vikiishambulia, hutoa asidi, hujikunja, hatimaye huchanika. Mvuke wa filamu iliyooza huziambukiza zilizo nzima zilizofungiwa pamoja nayo. Wajukuu, bila ya kosa lolote, walikuwa wakichukua vipande vya kuchezea. Niliokota kimoja uani: arusi, watu tisa, bibi arusi akitazama chini.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mzee kwa vitu vya zamani. Watasema kila mwanafunzi ana ndugu mwenye simu inayopiga picha elfu moja kwa siku bila gharama. Sikatai. Simu imempa hata maskini uwezo wa kupiga picha, na hilo ni jema. Lakini nimehudhuria mazishi mengi ya miaka hii. Nimeziona familia zikihangaika usiku kucha kutafuta picha moja ya marehemu kwa sababu simu yake iliibwa, au imefungwa kwa nambari ya siri aliyoondoka nayo, au picha zilifutwa kupisha video. Picha iliyochapishwa na negativu iliyo ndani ya bahasha haziombi nambari ya siri.

Watasema pia kwamba filamu ni ghali. Ni kweli, mkanda wa picha 36 leo si kitu cha kununuliwa ovyo. Hata hivyo vijana wa ng'ambo wameirudia filamu kwa wingi, hata watengenezaji wa Pentax wakatoa kamera mpya ya filamu mwaka 2024, itoayo picha 72 katika mkanda wa 36 kwa kugawa kila nafasi mara mbili. Mimi sisemi kila shule inunue mtambo huo. Nasema kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi tatu tu za filamu atautazama uso wa mwenzake kwa makini ambayo hayapati anapobonyeza simu mara mia. Na shule isiyoweza kununua hata mkanda mmoja inaweza kuanza na kamera ya tundu la sindano, ambayo wanafunzi wameifundishwa kwa muda mrefu katika somo la nuru, na ikafanya mazoezi ya baraza, shuka jeupe na umbali wa taa kwa simu ya mwalimu. Nuru haitozwi ada.

Ninayoyapendekeza ni mambo matatu.

Mosi, shule za Webuye, Bungoma na Kitale zifufue vyama vya upigaji picha, na mwito wa kwanza wa vyama hivyo uwe kuwatafuta wapigapicha wazee walio hai. Mwalimu wa fizikia awaulize juu ya lenzi, wa kemia juu ya dawa za kusafishia filamu na chumvi za fedha zinazobadilishwa na nuru, wa historia juu ya waliopigwa picha. Mtaala mpya una mkondo mzima wa sanaa katika shule za sekondari ya juu. Itakuwa aibu tukiwatafuta walimu wa mkondo huo mbali, ilhali wamekaa vibarazani mwetu.

Pili, wanafunzi waziokoe negativu zenyewe. Kazi hii haihitaji mitambo ya ajabu. Filamu ishikwe kingoni, isiguswe na vidole katikati, wala isisuguliwe kwa kitambaa. Zinazonuka siki zitengwe na nyinginezo. Zilizo nzima zitiwe katika bahasha za karatasi, ziwekwe mahali pakavu pasipo joto. Kisha filamu iwekwe mbele ya kioo cheupe chenye nuru nyuma yake, ipigwe picha kwa simu, na rangi zigeuzwe. Jina, mwaka na mahali viandikwe pale pale, wakati wakumbukao wangalipo. Tahadhari ni moja: nyuso hizo zina wenyewe. Idhini ya familia ya fundi iombwe, na picha ya mtu aliye hai isitangazwe bila ridhaa yake, kama unavyotaka ungwana na inavyotaka Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Tatu, kaunti zitimize wajibu wao. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya maktaba na makumbusho. Chumba kimoja kikavu katika maktaba moja, chenye kabati na mtu wa kulifungua, kingetosha kuanzia. Gharama yake haifikii ile ya mabango ya sherehe moja.

Mikebe ya yule mzee sasa iko nyumbani kwangu, kwa idhini ya jamaa zake. Kumi na saba ingali mizima. Wanafunzi wanne huja Jumamosi, nasi tunaendelea, bahasha kwa bahasha. Wiki tatu zilizopita tuliufikia mkebe wa 1990. Mmoja wao aliinua filamu dirishani akaniuliza, "Mwalimu, huyu mwenye kovu juu ya nyusi ni nani?"

Nilimwambia aandike jina.